Hisa, ndege na marubani: jinsi mashirika ya anga ya nchi jirani yanavyobadilisha wamiliki na vyombo

Kila panapozuka habari kwamba shirika moja la ndege katika ukanda wetu linataka kununua hisa za jingine, au kwamba aina fulani ya ndege inakaribia kuondolewa kazini, wa kwanza kuijadili huwa ni marubani. Huijadili wakisubiri zamu, wakilinganisha waliyoyasikia kwa mafundi, kwa wakufunzi na kwa wenzao walioajiriwa ng'ambo. Wala si mazungumzo ya kupitisha wakati. Mabadiliko ya umiliki na ya ndege ndiyo yanayoamua nani atapanda cheo, nani atarudi darasani, na nani atalazimika kutafuta kazi nchi nyingine.

Kwa msafiri wa Burundi nalo jambo hili haliko mbali. Air Burundi ilisimamisha safari zake mwaka 2009, na tangu hapo anayeondokea uwanja wa Melchior Ndadaye mjini Bujumbura ametegemea zaidi mashirika ya wengine. Hisa zikiuzwa Nairobi au Kigali, ndege ikiegeshwa Dar es Salaam au Entebbe, athari humfikia kwa njia ya nauli, ratiba na safari za kuunganisha.

Makala haya yanaeleza namna biashara hiyo inavyokwenda, mifano yake mikubwa katika nchi jirani, na jinsi ya kupima tetesi zinapovuma. Funzo linalojirudia katika mifano hiyo ni hili: kutangazwa kwa ubia bado si mabadiliko. Mabadiliko huanza pale ndege zinapokuja au zinapoondoka, na marubani wanapopelekwa mafunzoni.

Leseni hufuata aina ya ndege

Rubani wa ndege za abiria haruhusiwi kurusha ndege yoyote aitakayo. Pamoja na leseni yake hupewa kibali cha aina maalumu ya ndege. Aliyeidhinishwa kurusha Dash 8 Q400 hawezi kesho yake kuketi kwenye usukani wa Airbus A220, hata kama ana uzoefu wa miaka ishirini. Kwanza atasoma mifumo ya ndege hiyo mpya, atafanya mazoezi kwa saa nyingi katika simuleta, yaani mtambo unaoiga chumba cha rubani, atafanya mtihani, kisha ataruka safari kadhaa akiwa chini ya mkufunzi. Safari yote hiyo huchukua wiki nyingi, pengine miezi, na gharama yake huhesabiwa kwa maelfu ya dola. Shirika linapoilipia, mara nyingi humfunga rubani kwa mkataba: atumike miaka kadhaa, au arudishe fedha.

Zipo ndege zenye undugu. Rubani wa Boeing 737-800 huhamia 737 MAX kwa mafunzo mafupi ya kujua tofauti, na rubani wa Airbus A330 ya zamani huhamia A330neo kwa njia hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo habari ya ndege mpya haiwagusi marubani wote sawasawa. Swali lao la kwanza ni kama ndege inayokuja ni ndugu wa ile wanayoirusha, au ni ya ukoo mwingine kabisa.

Jambo la pili ni orodha ya utumishi. Katika mashirika mengi, kupanda kutoka urubani msaidizi hadi urubani mkuu, au kutoka ndege ndogo hadi ndege za masafa marefu, hufuata nani aliajiriwa kabla ya nani. Mashirika mawili yakiunganishwa kuwa moja, orodha mbili lazima ziwe moja, na hapo aliyekuwa wa kumi anaweza kujikuta wa hamsini. Mashirika yakibaki mawili huku moja likimiliki hisa za jingine, orodha hubaki mbili. Lakini mmiliki anaweza kuamua kukuza upande mmoja na kuudumaza mwingine.

Urithi wa shirika moja lililovunjika

Nchi tatu za Afrika Mashariki ziliwahi kuwa na shirika moja. East African Airways ilianza safari zake mwaka 1946, ikahudumia Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja na Zanzibar. Katika enzi zake iliruka kwa Comet na VC10 hadi Ulaya, na kwa ndege ndogo kama Fokker F27 katika miji ya ndani. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilipokuwa inavunjika, nalo shirika likavunjika.

Kila nchi ikabaki na lake: Kenya Airways na Air Tanzania zikaanzishwa mwaka huo huo, na Uganda Airlines, iliyokuwa imeundwa mwaka uliotangulia, ikaanza safari zake. Soko lililohudumiwa na shirika moja likagawanywa kati ya matatu yenye mitaji midogo. Tangu hapo karibu kila mazungumzo ya ubia katika ukanda huu yamekuwa, kwa namna moja au nyingine, jaribio la kupunguza gharama ya mgawanyiko ule.

Kwa nini asilimia 49

Msomaji atakuta asilimia 49 ikijirudia katika habari nyingi za aina hii. Haki za kutua katika nchi nyingine hutokana na mikataba baina ya serikali, na mingi kati yake hudai kwamba shirika linalopewa haki hizo limilikiwe kwa sehemu kubwa na kuongozwa na raia wa nchi husika. Sheria za leseni katika nchi nyingi zinafuata mkondo huo huo. Mgeni akivuka nusu, shirika linaweza kupoteza uraia wake, na pamoja na uraia kupoteza njia zake.

Azimio la Yamoussoukro la mwaka 1999, na Soko Moja la Usafiri wa Anga barani Afrika lililozinduliwa Januari 2018, yalikusudia kulegeza masharti hayo baina ya nchi za Afrika. Utekelezaji umekwenda polepole. Kwa hiyo mnunuzi mwenye fedha huchukua hisa chache kuliko mwenyeji, kisha hutafuta ushawishi kwa njia nyingine: mikataba ya uendeshaji, kukodisha ndege, na kuwaweka watu wake katika nafasi za juu.

Kenya: kutoka KLM hadi benki

Mwaka 1996 KLM ya Uholanzi ilinunua asilimia 26 ya Kenya Airways, na mwaka huo huo hisa za shirika zikaanza kuuzwa katika soko la hisa la Nairobi. Kwa miaka mingi ubia huo ulitajwa kuwa mfano bora barani. Kenya Airways nayo ikawa mnunuzi: mwaka 2003 ilichukua asilimia 49 ya Precision Air ya Tanzania, kampuni iliyoanzishwa na mfanyabiashara Michael Shirima. Precision ilipouza hisa kwa umma mwaka 2011, sehemu ya Kenya Airways ilishuka hadi asilimia 41 na ushei. Pamoja na hayo, mashirika hayo mawili hayakuungana. Precision iliendelea na ndege zake za ATR, na marubani wake wakabaki na orodha yao.

Kenya Airways ilitangaza mpango mkubwa wa kukua ulioitwa Mawingu, uliokusudia kufikia miji 115 ifikapo mwaka 2021. Ndege za Boeing 787 zilianza kuwasili mwaka 2014, wakati ambapo abiria walikuwa wakipungua kwa hofu ya mashambulizi na ya Ebola. Deni likaelemea. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2016 shirika lilitangaza hasara ya shilingi bilioni 26.2. Mwaka huo Boeing 777-300ER tatu zilikodishwa kwa Turkish Airlines na 787 mbili kwa Oman Air.

Hapo ndipo nguvu ya kibali cha aina ya ndege inapoonekana. Ndege inapokodishwa kwa wengine, rubani wake hubaki na ujuzi usio na chombo. Hulazimika kujifunza aina nyingine, kusubiri, au kuupeleka ujuzi huo ughaibuni, ambako ndege za aina hiyo zipo kwa wingi. Chama cha marubani wa Kenya, KALPA, kilipambana na uongozi mwaka huo wa 2016, na Novemba 2022 wanachama wake waligoma kwa siku kadhaa, miongoni mwa madai yao yakiwa kurejeshwa kwa michango ya mwajiri katika mfuko wao wa akiba.

Mwaka 2017 sehemu ya deni iligeuzwa kuwa hisa. Serikali ikawa na asilimia 48.9, kampuni ya benki zilizokopesha ikawa na 38.1, na KLM ikashuka hadi chini ya 8. Mwaka 2019 Bunge liliunga mkono kulirudisha shirika mikononi mwa serikali, lakini baadaye mkazo ukahamia kwenye kutafuta mwekezaji mpya. Kwa mwaka 2024 shirika lilitangaza faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza kwa zaidi ya muongo mmoja. Katika kipindi chote hicho Jambojet, kampuni tanzu ya nauli nafuu iliyoanza Aprili 2014, ilikuwa imebadilisha ndege: kutoka Boeing 737-300 hadi Q400 za propela, zinazotumia mafuta kidogo katika safari fupi.

Tanzania: mnunuzi aliyeondoka na serikali iliyonunua ndege

Desemba 2002 South African Airways ilinunua asilimia 49 ya Air Tanzania kwa dola milioni 20. Kusudio lilikuwa kuifanya Dar es Salaam kitovu cha Afrika Mashariki, sambamba na Johannesburg ya kusini. Kitovu hicho hakikusimama. Hasara zilirundikana, na mwaka 2006 ubia ukavunjwa na hisa zikarudi serikalini. Kwa muongo mzima uliofuata shirika lilikuwa na ndege za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Mwaka 2016 serikali ilichukua njia tofauti: badala ya kutafuta mbia, ilinunua ndege. Q400 mbili za kwanza, zenye viti 76 kila moja, ziliwasili Septemba mwaka huo. Wapo waliozibeza wakiziita pangaboi, lakini viwanja vingi vya mikoani, vyenye njia fupi za kurukia, vilihitaji ndege za namna hiyo hiyo. Julai 2018 ikafika Boeing 787-8, Desemba Airbus A220-300 ya kwanza barani Afrika, mwaka 2023 Boeing 767 ya mizigo na 737 MAX 9. Mmiliki wa ndege ni Wakala wa Ndege za Serikali, na Air Tanzania huzikodi.

Kwa marubani wa Tanzania hiyo ilikuwa neema ya ajira. Lakini aina tano za ndege katika shirika dogo maana yake ni makundi matano ya marubani, vipuri vya aina tano na mafunzo ya aina tano. Aina moja ikipata hitilafu, marubani wa aina nyingine hawawezi kuziba pengo. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2022, matatizo ya injini yaliyozikumba A220 duniani yalipolazimisha baadhi ya ndege hizo za Air Tanzania kubaki chini. Aidha, kununua ndege hakuondoi wajibu wa usimamizi: Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa katika anga yake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 marufuku hiyo ikapanuliwa kwa mashirika yote yaliyoidhinishwa Tanzania.

Mfano mwingine wa nchi hiyo ni fastjet. Mwaka 2012 kampuni iliyosajiliwa London ilichukua biashara ya anga ya Lonrho, iliyokuwa ikiendesha ndege kwa jina la Fly540, ikaanzisha safari za bei nafuu kutoka Dar es Salaam kwa Airbus A319. Nauli zilishuka na watu wengi walipanda ndege kwa mara ya kwanza. Viti vilipokosa abiria wa kutosha, mwaka 2016 Airbus zilibadilishwa kwa Embraer ndogo zaidi. Kwa msikilizaji wa kawaida hilo lilikuwa badiliko la ukubwa tu. Kwa marubani wa Airbus lilikuwa mwisho wa kazi waliyoijua. Mwishoni mwa 2018 mamlaka ya anga ikachukua hatua kuhusu madeni na sifa za kampuni, na safari zake za Tanzania zikakoma.

Uganda, na watengenezaji wanaonunuliwa

Uganda Airlines ilifilisiwa mwaka 2001, ikafufuliwa Agosti 2019 kwa ndege za CRJ900. Baadaye ziliongezwa Airbus A330-800 mbili. Mfano huu unaleta jambo lisilosemwa sana: hata watengenezaji wa ndege hununuliwa, na wanunuzi wao huamua hatima ya ndege zetu.

Kampuni ya Bombardier ya Canada ndiyo iliyobuni au kuendeleza aina tatu zinazoruka sana katika ukanda huu. Ndege iliyoitwa C Series iliingia mikononi mwa Airbus mwaka 2018 na kuitwa A220. Biashara ya Q400 iliuzwa mwaka 2019 na jina la De Havilland Canada likafufuliwa. Utengenezaji ukasimama mwaka 2021. Biashara ya CRJ ilinunuliwa na Mitsubishi ya Japani mwaka 2020, na CRJ mpya hazitengenezwi tena. Vipuri na huduma vinaendelea, lakini shirika linalotaka kuongeza ndege za aina hizo litategemea zilizokwisha kutumika. Kwa hiyo rubani kijana wa CRJ, awe Entebbe au Kigali, ana sababu ya kujiuliza ndege itakayofuata itakuwa ipi.

Addis Ababa: hisa zinazokuja pamoja na ndege

Ethiopian Airlines imefuata mbinu iliyo wazi zaidi kuliko wengine. Hununua hisa zisizofikia nusu, huleta ndege zake, hutoa wataalamu na kufundisha katika chuo chake cha Addis Ababa, kisha huunganisha safari za mbia na za kwake. Imefanya hivyo kwa ASKY ya Lomé iliyoanza kuruka mwaka 2010, kwa Malawi Airlines kwa asilimia 49, na kwa Zambia Airways, iliyorudi angani Desemba 2021, kwa asilimia 45. Desemba 2024 jirani yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilizindua Air Congo: serikali ikiwa na asilimia 51 na Ethiopian 49, kwa kuanza na Boeing 737-800 mbili.

Si kila mbegu iliota. Tawi la Msumbiji lilifungwa mwaka 2021 na Tchadia ya Chad mwaka 2022. Hata hivyo ndege zilizokodishwa hurudi Addis Ababa na kupangiwa kazi nyingine, kwa kuwa ni za aina ambazo mama mwenyewe anazo. Uchache wa aina za ndege ndio ngao ya mfumo huo.

Rwanda na Qatar: ubia uliosubiriwa

Hakuna habari iliyozua tetesi nyingi kama ya RwandAir. Desemba 2019 Qatar Airways ilikubali kuchukua asilimia 60 ya mradi wa uwanja mpya wa Bugesera, na Februari 2020 mkuu wake wa wakati huo, Akbar Al Baker, alisema mazungumzo yanaendelea ya kununua asilimia 49 ya RwandAir. Janga la Uviko likafuata. Mashirika hayo yalianza kuuziana viti na kushirikiana katika mizigo, na RwandAir ikafungua safari ya Doha Desemba 2021. Lakini katikati ya mwaka 2024 ununuzi wa hisa ulikuwa ungali unaelezwa kuwa u katika hatua za mwisho. Agosti mwaka huo huo Qatar ilitangaza kununua asilimia 25 ya Airlink ya Afrika Kusini, mazungumzo ambayo hayakuwa yamevuma kwa miaka.

Kwa marubani wa Kigali, miaka hiyo ilikuwa ya kukisia. RwandAir ina Q400, CRJ900, Boeing 737 na Airbus A330. Mbia tajiri anaweza kuongeza ndege kubwa na kufungua nafasi za urubani mkuu. Anaweza pia kuzichukua mwenyewe safari ndefu, na kumwachia mwenyeji kazi ya kumkusanyia abiria kwa ndege ndogo.

Namna ya kupima tetesi

Marubani wazoefu hawaulizi sana kiongozi gani amesema nini. Hutazama ishara ambazo ni vigumu kuzificha.

Ya kwanza ni mafunzo. Shirika lililoweka nafasi katika simuleta za ndege ambayo halijaimiliki, au lililoacha kuwapeleka watu katika mafunzo ya ndege iliyonayo, limekwisha kuamua.

Ya pili ni matengenezo makubwa. Kila ndege hufikia wakati wa kufunguliwa na kukaguliwa kwa kina, kwa gharama kubwa. Ndege inayopelekwa karakana kwa ukaguzi huo haielekei kuuzwa kesho. Inayoegeshwa pembeni siku hiyo ikikaribia, huenda safari yake imekwisha.

Ya tatu ni mkataba wa kukodi. Ndege nyingi si mali ya shirika lenye rangi zake. Mkataba unapoisha, lazima uamuzi utolewe: kurefusha, kurudisha au kununua.

Ya nne ni vibali. Ununuzi wa hisa zenye ushawishi huhitaji ridhaa ya mamlaka za anga, na mara nyingi ya vyombo vya ushindani, ikiwamo tume ya COMESA pale nchi wanachama zinapohusika. Maombi yakiwa hayajafika huko, tangazo bado ni nia.

Kwa msafiri

Msafiri naye anaweza kutumia kipimo hicho hicho. Ubia unapotangazwa, nauli haishuki siku hiyo. Atazame kama safari za mji wake zimeongezwa katika ratiba ya msimu unaofuata, kama tiketi moja inamfikisha hadi mwisho wa safari na mizigo yake, na ndege ya aina gani imepangwa. Ndege ndogo inayokuja kila siku huenda ikamfaa kuliko kubwa inayokuja mara mbili kwa wiki.

Anapaswa pia kukumbuka kwamba mji usio na shirika lake hauna kura katika mikutano ya wenye hisa. KLM ilipopunguza hisa zake Nairobi, Afrika Kusini ilipoondoka Dar es Salaam, na fastjet ilipobadilisha ndege, uamuzi ulitolewa kwa hesabu za wenyewe. Bujumbura, Goma au Bukavu zitahudumiwa vizuri pale tu hesabu hizo zinapoonyesha abiria wa kutosha, au pale serikali zinapokubaliana kufungua anga kiasi kwamba shirika likiondoka, jingine laweza kuingia bila kusubiri miaka.